Oili Ihesabiwe kwa Hewa, Si kwa Dumu

Kwenye dumu la mafuta la kila timu inayokimbiza injini za mipigo miwili kwa methanoli kuna namba iliyoandikwa kwa wino mzito: 16:1, au 20:1, au 32:1. Namba hiyo inasema ni sehemu ngapi za mafuta zimechanganywa na sehemu moja ya oili. Mafundi huitetea kama imani. Wengine huirithi kutoka kwa baba zao, pamoja na injini zenyewe.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba namba hiyo peke yake haisemi injini inapata oili kiasi gani. Methanoli iliyochanganywa 32:1 huipa injini oili nyingi zaidi kila dakika kuliko petroli iliyochanganywa 20:1. Anayehama kutoka petroli kwenda methanoli na kuacha uwiano vilevile amezidisha oili zaidi ya mara mbili bila kukusudia. Anayeshtuka na kuikata ovyo anaweza kuinokisha injini siku hiyohiyo. Dawa ni kupiga hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kalamu na kikokotoo cha simu.

Injini ya mfano

Tuchukue injini inayojulikana sana kwenye mbio za mchangani nchini Marekani: ile ya Yamaha Banshee, pikipiki ya magurudumu manne iliyouzwa huko kuanzia 1987 hadi 2006. Ina silinda mbili. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 64, na pistoni husafiri milimita 54. Ukizidisha, ujazo wa silinda zote mbili ni sentimita za ujazo 347.

Injini ya mipigo miwili huvuta hewa kila kranki inapozunguka mara moja. Tufanye inazunguka mara 9,000 kwa dakika, na kila mzunguko unavuta hewa sawa na ujazo wa silinda. Kila sekunde zinapita lita 52 za hewa, yaani takriban gramu 62.5. Kwa dakika ni kilo 3.75. Injini halisi inaweza kuvuta pungufu kidogo au zaidi kidogo, kutegemea ekzosi na milango ya silinda, lakini kilo 3.75 inatosha kuwa msingi wa hesabu zote zinazofuata.

Hewa ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Kabureta hailishi injini mafuta kiholela. Huyalisha kwa kufuata hewa. Petroli ikiungua kikamilifu hutaka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Injini ya mashindano huongezewa mafuta kidogo ili itoe nguvu na isipate joto la hatari, hivyo tuiweke kwenye 12.5. Methanoli ikiungua kikamilifu hutaka kilo 6.45 tu za hewa, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni oksijeni ambayo tayari imo ndani ya molekuli. Kwenye mashindano huongezewa mafuta zaidi, na 5 kwa 1 ni kiwango cha kawaida.

Sasa gawanya. Kwa kilo 3.75 za hewa, petroli inayohitajika ni gramu 300 kwa dakika. Lita moja ya petroli ina gramu 740 hivi, kwa hiyo hizo ni mililita 405. Methanoli inayohitajika ni gramu 750, na kwa kuwa lita yake ina gramu 792, hizo ni mililita 947. Injini ileile, kwa kasi ileile, inakunywa methanoli mara 2.34 ya petroli kwa ujazo. Ndiyo maana anayegeuza injini hutoboa au kubadili jeti ya kabureta ili kipenyo chake kiwe kikubwa kwa nusu zaidi, na hulazimika kupanua bomba la tangi, bomba la mafuta na sindano ya boya. Bomba lililotosha petroli litaiachia methanoli nusu tu ya kinachotakiwa, na injini itaungua juu kabla mwendeshaji hajafika mwisho wa mbio.

Oili inakwenda wapi

Oili imo ndani ya mafuta. Mafuta yakizidi mara 2.34, oili nayo huzidi mara 2.34. Hapa ndipo namba ya dumu inapoanza kudanganya. Kipimo cha haki ni mililita za oili kwa kila kilo ya hewa inayopita, kwa sababu hewa ndiyo inayoeleza injini inafanya kazi kiasi gani. Kwa injini yetu ya mfano, matokeo ni haya:

Petroli 50:1: mililita 2.2 za oili kwa kilo ya hewa, au mililita 8 kwa dakika.
Petroli 32:1: mililita 3.4, au 13 kwa dakika.
Petroli 20:1: mililita 5.4, au 20 kwa dakika.
Methanoli 47:1: mililita 5.4, au 20 kwa dakika.
Methanoli 32:1: mililita 7.9, au 30 kwa dakika.
Methanoli 20:1: mililita 12.6, au 47 kwa dakika.
Methanoli 16:1: mililita 15.8, au 59 kwa dakika.

Mstari wa kwanza unawahusu wavuvi wengi wa pwani yetu, ambao mashine zao za boti za mipigo miwili huchanganywa 50:1. Mistari ya tatu na ya nne ndiyo ya kuikazia macho. Petroli ya 20:1 na methanoli ya 47:1 ni oili ileile kwa dakika ileile. Mtu akisema methanoli ya 40:1 ina oili kidogo kupita kiasi, ukweli wa hesabu ni kwamba ina oili nyingi kuliko petroli ya 20:1, ambayo hakuna fundi angeiita kame.

Ethanoli inakaa katikati. Hutaka hewa mara 9 ya uzito wake ikiungua kikamilifu, na kwenye mashindano 7 hivi. Kwa kilo ya hewa inahitaji mililita 181, yaani mara 1.7 ya petroli. Petroli ya 20:1 inalingana na ethanoli ya 34:1.

Kwa nini basi timu nyingi hazikimbilii 47:1, zikabaki kati ya 20:1 na 32:1? Sababu zipo, na nzito kuliko zote ni ubaridi.

Ubaridi unaobadilisha kazi ya oili

Watu husema methanoli ina nguvu kuliko petroli. Kwa kilo ya mafuta si kweli: petroli hutoa megajuli 43.5 hivi, methanoli hutoa kama 20. Lakini injini hufungwa na hewa, haifungwi na mafuta. Gawanya nishati kwa hewa inayohitajika kuiunguza: petroli inatoa megajuli 2.96 kwa kilo ya hewa, methanoli 3.09. Tofauti ni asilimia 4 tu.

Faida kubwa ya methanoli iko kwenye joto inalochukua ikigeuka kuwa mvuke. Kilo moja huvuta kilojuli 1,100 hivi, wakati kilo ya petroli huvuta kama 350. Na kwa kuwa methanoli inaingia kwa wingi zaidi, pengo hupanuka. Kwa kila kilo ya hewa, petroli inaweza kufyonza kilojuli 28. Methanoli inaweza kufyonza 220. Ni karibu mara nane. Kwa injini yetu hiyo ni kilowati 13.75 za kupozwa, dhidi ya 1.75 za petroli.

Kama methanoli yote ingegeuka mvuke kwa kutegemea joto la hewa peke yake, hewa hiyo ingeshuka nyuzi 220. Haiwezekani. Hewa hupoa, uvukizi hupungua kasi, na sehemu kubwa ya methanoli huendelea na safari ikiwa bado majimaji. Kabureta huwa baridi kiasi cha kutoa jasho, na siku yenye unyevu hushika sakitu. Majimaji hayo huingia ndani ya kasha la kranki, hupita kwenye beringi, hupanda mlango wa kupitishia hadi kwenye silinda, yakichukua joto kutoka kwa chuma chenyewe njiani.

Kwenye petroli, mafuta huvukiza haraka ndani ya kasha lenye moto na kuiacha oili nyuma. Oili hiyo hulowesha beringi ikiwa karibu safi. Kwenye methanoli, oili inafika ikiwa bado imeyeyuka ndani ya majimaji mepesi, na majimaji hayo huosha kuta za silinda yakipita. Mililita 5.4 zilizobaki zikiwa oili na mililita 5.4 zilizochanganyika na methanoli ambayo haijavukiza hazifanyi kazi sawa. Injini ikiwa ya moto na mbio zikiwa ndefu, tofauti hupungua. Injini ikiwa baridi na mbio zikiwa za sekunde tano, tofauti ni kubwa. Mashindano ya mchangani ya futi 300, yaani mita 91, ni ya aina hiyo ya pili.

Ongeza hapo kwamba anayetumia methanoli huwa pia ameongeza mgandamizo wa silinda, kwa sababu ubaridi na okteni ya juu vinaruhusu. Mgandamizo mkubwa ni mzigo mkubwa juu ya pini ya pistoni na beringi ya chini ya konrodi. Kwa sababu hizi mbili, kukaa kwenye mililita 8 hadi 12.6 kwa kilo ya hewa, yaani 32:1 hadi 20:1, ni uamuzi wenye akili. Lakini uitwe kwa jina lake: ni mara moja na nusu hadi mara 2.3 ya oili ambayo petroli ya 20:1 ingeleta. Fundi anayejua hivyo atajua pia moshi na ukaa vinatoka wapi.

Si kila oili inaingia

Kabla ya kubishania kiasi, oili lazima iyeyuke. Oili nyingi za mipigo miwili zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli hazichanganyiki na methanoli. Ukitikisa dumu, mchanganyiko hugeuka mweupe kama umechanganyika, ukiuacha, hutengana. Lita ya oili hiyo ina gramu 870 au 880, nzito kuliko methanoli, kwa hiyo oili hukaa chini. Bomba la tangi nalo huchota chini. Injini hupewa kwanza oili tupu, ikakohoa moshi. Fundi akidhani mchanganyiko umezidi oili, huendelea. Baada ya hapo inapewa methanoli kavu, na inanoki ikiwa kwenye kasi kamili.

Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, yanayeyuka kwenye methanoli na ethanoli. Asilimia 85 hadi 90 ya asidi zake za mafuta ni asidi ya risinoleiki, ambayo kwenye mnyororo wake wa kaboni imebeba jozi ya oksijeni na haidrojeni, ileile inayoifanya pombe kuwa pombe. Molekuli hizo mbili zinatambuana. Jozi hiyohiyo huyafanya mafuta ya nyonyo yang'ang'anie chuma, na joto likizidi hayakimbii upesi. Hugeuka tabaka gumu linaloendelea kulinda kwa muda.

Historia yake inaonyesha jambo hili kwa upande wa pili. Injini za ndege za kuzunguka za Vita vya Kwanza vya Dunia, kama Gnome na Le Rhône za Ufaransa, zilipitisha petroli ndani ya kasha la kranki. Zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo kwa sababu petroli haiyayeyushi vizuri, hivyo haikuweza kuyaosha kutoka kwenye beringi. Kampuni ya C. C. Wakefield ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1899, iliipa oili yake jina la Castrol kutokana na mafuta hayo. Sifa iliyoyafaa kwa petroli ni kutoyeyuka. Inayoyafaa kwa methanoli ni kuyeyuka. Kwa hiyo anayesafisha injini ya methanoli kwa petroli baada ya mbio asitegemee kwamba petroli tupu itaondoa mabaki yote ya nyonyo.

Gharama ya nyonyo ni utando. Ringi za pistoni hunata kwenye mifereji yake, ekzosi hujaa gundi, na milango ya silinda huzibwa taratibu. Ndiyo maana viwanda vya oili za mashindano huuza pia oili za maabara zilizoundwa ziyeyuke kwenye pombe, na nyingine zilizochanganya hizo na nyonyo kidogo kwa ajili ya ulinzi wa dharura. Kanuni ni moja kwa zote: chupa iseme waziwazi kwamba oili inafaa kwa methanoli. Kisha ichanganywe kidogo kwenye chupa ya kioo na iachwe usiku kucha, kwenye ubaridi ule ambao dumu litakutana nao. Asubuhi ukiona mstari, usiitumie.

Maji huharibu mapatano haya. Methanoli huvuta unyevu kutoka hewani, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo uwezo wake wa kushika mafuta ya nyonyo unavyopungua. Mafuta hayo yana gramu 960 kwa lita, kwa hiyo yakitengana huanguka chini upesi. Dumu lililokaa wazi kwenye mji wenye hewa nzito ya bahari linaweza kuharibu mchanganyiko uliokuwa sahihi siku ulipopimwa.

Oili ikiongezeka, mafuta hupungua

Jambo moja huwachanganya hata wazoefu. Oili inapita kwenye jeti ileile na kuchukua nafasi ya mafuta. Kwenye 50:1, asilimia 98 ya kinachopita ni mafuta. Kwenye 32:1 ni asilimia 97. Kwenye 20:1 ni asilimia 95.2, na kwenye 16:1 ni 94.1. Mtu anayetoka 32:1 kwenda 16:1 "kwa usalama" bila kugusa jeti amepunguza methanoli kwa asilimia 3. Juu ya hayo, mafuta ya nyonyo ni mazito kupita kiasi: kwenye joto la chumba, mnato wake ni zaidi ya mara elfu moja ya methanoli. Mchanganyiko mzito hupita kwenye jeti polepole zaidi, kwa hiyo mafuta hupungua zaidi ya hesabu.

Methanoli husamehe kuliko petroli. Huendelea kuungua vizuri hata ikizidi sana, na wengi huweka akiba upande huo. Lakini akiba hiyo isitumike kama kisingizio. Kila uwiano wa oili unapobadilishwa, jeti ipimwe upya.

Kutoka injini ya kiganjani hadi gari dogo la mashindano

Ukubwa wa injini hubadilisha jibu. Kwenye daraja la F2A la ndege ndogo zinazorushwa kwa waya, injini hairuhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 2.5. Ndege huzunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 17.69, na mizunguko 9 hufanya kilomita moja. Mafuta ya kawaida ya daraja hilo ni methanoli asilimia 80 na mafuta ya nyonyo asilimia 20, yaani 4:1.

Injini hizo hukaribia mizunguko 40,000 kwa dakika, na ndege hukaribia kilomita 300 kwa saa, hivyo kilomita moja humalizika kwa sekunde 12 hivi. Kwa hesabu ileile ya hewa, sekunde hizo hula mililita 6 za methanoli na mililita 1.5 za oili. Ni tone kwa macho, lakini kwa kilo ya hewa ni mililita 63: mara 29 ya mashine ya boti, na mara 5 ya methanoli ya 20:1. Pistoni ndogo ina eneo kubwa la kusuguana ukilinganisha na ujazo wake, na injini haina maji ya kuipoza. Oili inayotoka kwenye ekzosi ikiwa bado majimaji imebeba joto kwenda nje. Hapo kuongeza oili ni sehemu ya mfumo wa kupozea.

Gari dogo la mashindano, yaani go-kart, lilizaliwa California mwaka 1956, Art Ingels alipofunga injini ya mashine ya kukatia nyasi ya West Bend kwenye fremu ya mabomba. Muda si mrefu wakaingia McCulloch, watengenezaji wa misumeno ya mnyororo, na methanoli yenye mafuta ya nyonyo ikawa chakula cha kawaida cha injini hizo. Chukua injini ya sentimita za ujazo 100 kwa mizunguko 12,000: inakunywa mililita 364 za methanoli kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote. Mbio za dakika 10, tukikadiria matumizi ya asilimia 70, ni lita 2.5. Kwa 20:1 ni mililita 127 za oili. Kwa 16:1 ni 159. Go-kart hukimbia dakika nyingi mfululizo, injini hupata moto kamili, na utando wa ukaa una muda wa kujijenga. Hapo ndipo kupunguza oili taratibu kunapolipa zaidi, kuliko kwenye mbio za sekunde tano.

Bei inasema nini

Bei hutofautiana kwa nchi na kwa msimu, kwa hiyo tuweke bei za kukokotolea tu: methanoli dola 1 kwa lita, petroli dola 1 kwa lita, oili nzuri ya mashindano dola 15 kwa lita. Msomaji aweke zake mahali pa hizi.

Pipa la lita 200 za methanoli linagharimu dola 200. Oili ya 16:1 ni lita 12.5, dola 188. Ya 20:1 ni lita 10, dola 150. Ya 32:1 ni lita 6.25, dola 94. Ya 47:1 ni lita 4.3, dola 64. Kwa mchanganyiko wa ndege ndogo, lita 50 za oili zingegharimu dola 750, karibu mara nne ya methanoli yenyewe. Klabu inayonunua kwa pipa ina sababu ya kufikiri: kati ya 20:1 na 32:1 kuna dola 56.

Dakika moja ya kasi kamili kwenye injini yetu ya sentimita za ujazo 347 inagharimu senti 71 kwa petroli ya 20:1, dola 1.39 kwa methanoli ya 32:1, na dola 1.66 kwa methanoli ya 20:1. Katika hiyo ya mwisho, senti 71 ni za oili peke yake. Oili iliyomo kwenye methanoli inagharimu sawa na petroli na oili yake vyote pamoja.

Sasa mtazame mshindani mmoja. Mkimbio wa sekunde tano hula mililita 79 za methanoli na, kwa 20:1, mililita 4 za oili. Tukihesabu kupasha moto na kusogea kwenye mstari, tuseme nusu lita kwa kila mkimbio. Kuhama kutoka 20:1 hadi 32:1 kunamwokolea mililita 9 za oili, yaani senti 14. Mikimbio 20 ya wikiendi nzima inamwokolea dola 2.80. Kranki mpya, pistoni mbili na kusawazisha silinda havinunuliwi kwa akiba hiyo hata akiweka misimu mingi. Kwa hiyo, kwa mtu mmoja, pesa ya oili isiingie kabisa kwenye uamuzi. Aamue kwa kuangalia pistoni, beringi na plagi.

Kupima bila kubahatisha

Uwiano ni sahihi kwa kiasi cha kipimo chake. Dumu linaloitwa la lita 20 mara nyingi hubeba zaidi likijazwa hadi mdomoni. Likishika 22, lita moja ya oili imekuwa 22:1. Methanoli nayo hutanuka kwa joto, takriban asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja. Iliyopimwa alfajiri kwenye nyuzi 10 na iliyopimwa mchana kwenye nyuzi 30 zinatofautiana kwa asilimia 2.4.

Mizani huondoa matatizo yote mawili. Lita 20 za methanoli ni kilo 15.84; lita moja ya mafuta ya nyonyo ni kilo 0.96. Kwa uzito, 20:1 ya ujazo inakuwa 16.5:1. Anayetumia mizani lazima aandike kwamba namba ni ya uzito, vinginevyo mwenzake ataichanganya kwa ujazo na kuongeza oili kwa asilimia 21 hivi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na injini ni hivyohivyo: tarehe, joto la hewa, jina la oili, uwiano, namba ya jeti, rangi ya plagi. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati.

Hatari isiyopimwa kwa dola

Methanoli inapoungua mchana, mwali wake karibu hauonekani. Mwaka 1981, kwenye mbio za Indianapolis 500, Rick Mears aliungua usoni wakati wa kujaziwa mafuta, na watu waliokuwa karibu hawakuona moto wenyewe. Ndoo ya maji iwe jirani, kwa sababu methanoli huchanganyika na maji na kuzimika kwa maji mengi.

Ni sumu pia. Mililita 10 zikimezwa zinaweza kumpofusha mtu. Mililita 30 zinaweza kumuua. Hupita kwenye ngozi na kwa kuvuta mvuke. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80 ndani ya siku chache. Dumu la lita 20 lililoachwa bila alama kwenye gereji lina sumu ya kutosha kupofusha watu 2,000. Liandikwe sumu kwa herufi kubwa, lifungwe kwa kufuli, na methanoli isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji.

Wala hesabu hizi si mwaliko wa kuweka methanoli kwenye mashine ya boti au msumeno wa kazi. Lita yake ina megajuli 15.8, petroli ina 32. Tangi lilelile lingemfikisha mvuvi nusu ya safari, na mipira na kabureta ambazo hazikutengenezwa kwa pombe zingeharibika njiani.

Njia ya kuamua

Anayegeuza injini ya mipigo miwili kwenda methanoli aanze na maelekezo ya mtengenezaji wa oili, kwa oili iliyothibitishwa kuyeyuka. Kama hakuna maelekezo, 20:1 hadi 24:1 ni mahali salama pa kuanzia kwa injini ya mchangani ya sekunde chache. Kisha apige hesabu ya mililita kwa kilo ya hewa, alinganishe na alivyokuwa akitumia kwenye petroli, na aifungue injini mapema kuiangalia. Beringi zikiwa zimelowa, sketi ya pistoni ikiwa na tabaka la oili, na ekzosi ikitoa oili nyingi ambayo haijaungua, ana nafasi ya kwenda 28:1, kisha 32:1, akirekebisha jeti kila hatua. Chuma kikionekana kikavu au kimekwaruzika, arudi nyuma, wala asisikilize mtu yeyote anayemwambia namba ya mwingine.

Asipite 47:1 kwa injini ya mfano wetu bila sababu nzito, kwa kuwa hapo anakuwa chini ya kile ambacho petroli ya 20:1 ingempa, huku methanoli ikiosha kuta zaidi. Hiyo ndiyo sakafu, na kila injini ina ya kwake, inayopatikana kwa kuzidisha uwiano wake wa zamani wa petroli kwa 2.34. Namba hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye daftari, kabla ya ile ya dumu.